Msaada wa Python Unapokosa Jawabu

Miongoni mwa lugha za kuandikia programu za kompyuta, Python, ambayo Guido van Rossum alianza kuitunga mjini Amsterdam mwishoni mwa mwaka 1989 na kuitoa kwa umma mwaka 1991, ina fadhila moja iliyo kubwa kwa mwanafunzi asiye na mwalimu karibu wala fedha za intaneti: aandikapo help, kisha ndani ya mabano akataja jina la kitu kinachomtatiza, lugha yenyewe humjibu pale pale juu ya skrini, ikamweleza kazi ya kitu hicho na masharti ya kukitumia. Asili ya fadhila hiyo ni pydoc, programu ya Ka-Ping Yee iliyoingizwa katika toleo la 2.1 mwaka 2001. Na kabla ya mwaka huo kwisha, toleo la 2.2 likaja na help ikiwa tayari kuitwa.

Basi jawabu likikosekana, au likija jawabu la ajabu, wako wanaodhani kwamba kompyuta imeharibika, wakaifuta Python na kuiweka upya, nao wamejitaabisha bure; kwani help si kitabu kilichochapwa kikahifadhiwa, bali aghalabu hulitunga jawabu lake saa ile ile iulizwapo, kwa kuiendea programu yenyewe na kusoma maandishi ambayo mwandishi wake aliyaweka chini ya jina la kila fanksheni. Maadamu ndivyo ilivyo, atakaye kuijua ila yake sharti aulize kwanza: help imetazama wapi, na huko imekuta nini?

Ila nyepesi zapita upesi. Maelezo yakijaza skrini na kila lichapwalo likawa halifanyi kazi, hakuna kilichovunjika: maelezo marefu hufunguliwa ndani ya programu ya kusomea, na hutokwa humo kwa kubonyeza herufi q. Aulizaye help(if) hulaumiwa kwa kukosea sarufi, kwa kuwa if ni neno la lugha yenyewe, halina budi kutiwa katika alama za mtajo. Na aulizaye habari za math kabla ya kuileta kwa import huambiwa jina hilo halijulikani, ilhali angalilitia katika alama zizo hizo, help ingaliiendea moduli hiyo yenyewe. Kosa jembamba zaidi ni help(print()), ambalo jawabu lake huhusu NoneType, kitu ambacho muulizaji hakukitaja kabisa. Mabano yale ya ndani yameiamuru print itende kazi kwanza, na help ikakabidhiwa matokeo ya kazi hiyo, ambayo si chochote, badala ya kukabidhiwa print.

Ila inayostahili kuangaliwa kwa makini ni ile ambayo help hujibu kwa ufasaha, lakini habari za kitu kingine. Mwanafunzi anajifunza takwimu, akaiita faili yake statistics.py, pasipo kujua kwamba tangu toleo la 3.4 Python ina moduli yake yenye jina hilo hilo. Kisha, akiwa katika folda ile ile, anauliza help('statistics') ili ajue namna ya kupata wastani. Python hutafuta kwanza palipo karibu, ikaikuta faili ya mwanafunzi, ikaitekeleza, kwa sababu haiwezi kuieleza moduli bila kuiingiza, na maagizo yaliyomo yakaanza kutendeka mbele ya macho ya mtu aliyetaka kusoma tu. Dalili ya kweli imo mwishoni kabisa mwa jawabu, mahali ambapo wachache hufika: chini ya neno FILE huandikwa njia ya faili ambayo maelezo yametoka kwayo. Ningependa kila afundishaye Python amzoeze mwanafunzi kuanzia hapo, kwani akiona njia hiyo yaelekea folda yake mwenyewe, ameupata ugonjwa na dawa yake pamoja, nayo ni kuibadili faili jina.

Lipo pia jawabu tupu. Fanksheni isiyo na maelezo, help huitafutia hata maoni yaliyoandikwa juu yake kwa alama ya #, na yasipokuwapo hutoa jina na vigezo vyake basi. Kabla ya kumlaumu mwandishi, na itazamwe kama Python ilifunguliwa kwa amri ya -OO, ambayo huyatupa maelezo yaliyowekwa chini ya majina ya fanksheni; ikiwa sivyo, aghalabu mwandishi alinyamaza, na muulizaji hana la kutengeneza. Naamini kunyamaza huko ni kumdhulumu ajaye baadaye. Waandishi wetu wana wasaa hapa, kwani vichwa vya help ni vya Kiingereza, lakini maelezo hutolewa kama yalivyoandikwa: fanksheni ya kuhesabu zaka, ikifasiliwa kwa Kiswahili katika mistari miwili chini ya jina lake, itamjibu kwa Kiswahili kila atakayeiuliza.