Samadi Iive Kwanza, Ndipo Iingie Bustanini

Katika nyumba nyingi za mijini siku hizi utakuta tuta la mchicha uani, matembele kando ya ukuta, na miche ya nyanya, bamia na pilipili katika ndoo kuukuu. Ni jambo la kupongezwa, kwani hupunguza gharama ya mboga na kuwafunza watoto kazi. Lakini udongo wa pwani yetu ni wa kichanga. Haushiki maji wala rutuba, na anayeulima hana budi kuulisha. Ndiyo maana wengi wamerejea kwenye samadi ya ng'ombe, mbuzi na kuku, nao wamefanya vyema.

Baada ya darsa, akina mama hutuuliza mara kwa mara: je, mboga iliyokuzwa kwa kinyesi ni tohara? Swali la pili huulizwa kwa nadra, ingawa uzito wake si mdogo: je, ni salama?

Tuanze na la kwanza. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu pwani, kinyesi cha mnyama ni najisi, hata kama mnyama huyo analiwa. Hata hivyo, mmea uliostawi juu yake ni tohara na ni halali kuliwa. Kinachotazamwa ni najisi iliyogusa jani au tunda kwa nje. Hiyo huoshwa mpaka athari yake iondoke. Kuoza kwa samadi hakubadili hukumu hii. Basi nguo ya bustani itengwe na nguo ya swala, na mikono na miguu ioshwe vyema baada ya kazi. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

Ama la pili, jibu lake ni kwamba samadi mbichi si salama. Huweza kubeba vijidudu vya kuharisha na mayai ya minyoo, na mboga za majani, ambazo huota karibu na ardhi, ndizo hupata madhara hayo kwanza. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kutia samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusana na udongo, na siku 90 kwa yasiyogusana nao. Mchicha huvunwa ndani ya wiki chache tu, kwa hiyo haufai kabisa kutiwa samadi mbichi. Isitoshe, mbolea mbichi ya kuku ni kali mno: huunguza mizizi na kukausha miche. Ya ng'ombe nayo huja na mbegu za magugu.

Dawa yake ni kuivisha pamoja na takataka za jikoni na uani ili ipatikane mboji. Chagua mahali penye kivuli, mbali na kisima na mbali na dirisha la jirani, kwani harufu na inzi ni maudhi, na jirani ana haki yake. Tandaza vijiti chini ili hewa ipite. Juu yake weka tabaka la majani makavu au maranda, kisha majani mabichi na maganda ya ndizi, viazi na matunda, kisha samadi, na mwisho udongo kidogo. Rudia matabaka hayo mpaka lundo lifikie takriban mita moja kila upande, kwani lundo dogo halishiki joto. Nyunyizia maji liwe na unyevu bila kuchuruzika, kisha lifunike.

Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoe: kikiwa cha moto, kazi inaendelea, kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Joto likizidi nyuzi 55 na kudumu siku kadhaa, huua vijidudu vingi na mbegu za magugu. Geuza lundo kila baada ya wiki mbili au tatu ili yaliyo nje yaingie ndani. Baada ya miezi mitatu hivi utapata mboji nyeusi, yenye kumomonyoka na kunukia kama udongo baada ya mvua. Ikiwa bado inatoa harufu ya kinyesi, isubiri.

Usitie nyama, mafuta wala mifupa, kwani huita panya. Kinyesi cha mbwa na paka kisiingie kabisa, wala mimea yenye ugonjwa. Majivu ya kuni yanafaa, lakini kwa kiasi kidogo, maana yakizidi hudhuru udongo.

Wakati wa kupanda, changanya viganja viwili vya mboji na udongo katika kila shimo. Kwa tuta la mchicha, tandaza mboji kiasi cha vidole viwili kwenda chini na uichanganye na udongo kabla ya kusia mbegu.

Miezi mitatu si muda mrefu kwa chakula cha watoto wetu. Familia inayoanza lundo wiki hii itakuwa na mboji yake kabla ya msimu ujao, na gharama yake ni jasho tu. Wabillahi tawfiq.