Donge la Shingoni: Kidonda Kiko Mdomoni, Shingo Inapasuliwa ya Nini?



Tuseme baba ana kidonda kwenye ulimi kisichopona. Anapelekwa hospitali ya rufaa ya Mbarara, vipimo vinaonyesha kansa, na daktari anasema atatoa kidonda pamoja na tezi za shingo. Nyumbani mabishano yanaanza: "Shingo haimuumi, wanaikata ya nini? Turudi Nakivale." Kabla ya kurudi, tuelewane.

Tezi ni nini?
Shingoni kuna tezi ndogo kama maharage, karibu 300. Zinafanya kazi ya chujio: zinashika vijidudu vinavyotoka mdomoni na kooni. Ndiyo maana jino likioza tezi inavimba, halafu inarudi. Kansa ya mdomo nayo inapita njia hiyo hiyo. Inakwama kwenye tezi na kuota humo, na mwanzoni hata mkono wa daktari hauwezi kuisikia.

Madaktari wa hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, India, walilinganisha wagonjwa wa kansa ya mdomo ambayo bado iko mwanzoni. Wengine walitolewa tezi siku ile ile ya kutoa kidonda. Wengine walisubiri mpaka tezi zivimbe. Majibu yalitoka mwaka 2015: baada ya miaka 3, katika kila watu 100 waliotolewa tezi mapema, 80 walikuwa hai. Kwa waliosubiri, ni kama 68 tu. Basi kusubiri kuna gharama.

Je, bega litakufa?
Hofu hii ina asili yake. Mwaka 1906 daktari George Crile wa Marekani alieleza operesheni ya kutoa tezi pamoja na msuli mkubwa wa shingo na mshipa mkubwa wa damu. Katika operesheni ya namna hiyo neva ya bega pia ilikatwa, na bega lililegea. Siku hizi, kama kansa haijashika sehemu hizo, daktari anajitahidi kuziacha. Hata hivyo bega linaweza kuwa zito na ngozi ya shingo kufa ganzi. Kwa mtu anayelima na kubeba jerikeni, hilo si jambo dogo. Muulize daktari mapema: "Neva ya bega itabaki? Nifanye mazoezi gani?"

Si kila donge ni kansa
Kifua kikuu pia kinavimbisha tezi za shingo, na kinapona kwa vidonge. Na si kila kansa inataka kisu. Kansa ya taya ya watoto, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza hapa Uganda mwaka 1958, inatibiwa kwa dawa. Kansa ya nyuma ya pua inatibiwa hasa kwa mionzi, mara nyingi pamoja na dawa. Kwa hiyo kipimo kwanza: daktari anachunguza mdomo na koo, halafu anavuta maji kidogo ya donge kwa sindano nyembamba. Msikubali mtu alichanje au alikate donge nyumbani.

Wazazi, shikeni haya:
- Donge la shingoni, kidonda cha mdomoni au sauti ya kukwaruza ikipita wiki 3, nenda kituo cha afya, uwe unaishi Base Camp, Juru au Rubondo. Hata kama haiumi.
- Omba barua ya rufaa, na uitunze pamoja na karatasi ya familia.
- Nenda na mtu mzima wa kutafsiri. Mtoto asibebeshwe habari ya kansa ya mzazi wake.
- Acha tumbaku na punguza waragi. Vyote viwili vinaleta kansa ya mdomo na koo, na vikiwa pamoja hatari inazidi.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Leo jioni, kabla ya kulala, pitisha vidole shingoni na uwaulize wa nyumbani kwako kama wana donge au kidonda wanachokificha.