Fahamu: Kwa nini kompyuta huganda baada ya umeme kurudi kwa kishindo

Umeme umekatika, ukarudi kwa nguvu. Tangu hapo kompyuta ya mezani inawaka, kisha inaganda. Tatizo ni nini?

Nyumba za Tanzania hupokea umeme wa volti 230. Unapopanda ghafla, pigo la kwanza huangukia pawa saplai, kifaa kinachoushusha hadi volti 12, 5 na 3.3. Kapasita zake zikidhoofika, umeme huyumba, na kompyuta hukwama, hasa inapofanya kazi nzito.

Ufanye nini?

Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha jaribu soketi nyingine. Ikiwaka, nakili mafaili yako kwanza: huenda diski nayo imeumia. Ikiendelea kuganda, mwombe fundi ajaribu pawa saplai nyingine kabla ya kubadilisha memori au bodi kuu. Usiifungue pawa saplai mwenyewe. Kapasita huhifadhi umeme wa hatari hata waya ukishachomolewa.

Jikinge vipi?

Ekstensheni ya kawaida haizuii chochote. Tumia UPS au stabilaiza, na umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri utulie ndipo uchomeke.