Chuma Huliwa, Jina Huuzwa

Wekundu wa ardhi ya Nyangwe, ambao mgeni huuona kwanza katika kingo za Lualaba na baadaye huukuta umegandamana na nguo zake, viatu vyake na matairi ya kila chombo kitokacho Kasongo au Kabambare, hakika ni wekundu wa kutu. Kwa maana udongo huu umejaa chuma ambacho mvua na hewa zimekichakaza kwa dahari nyingi, hata kikawa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Kwa hiyo sidhani kwamba msomaji wa Maniema ataona ugumu kufahamu habari ya magari ya spoti ya Uingereza, yale magari madogo ya watu wawili, aghalabu yasiyo na paa la chuma, ambayo baada ya Vita vya Pili yalikuwa fahari ya viwanda vya nchi ile na yakauzwa dunia nzima, kisha yakaliwa na adui yule yule anayekula vyuma vyetu.

Kutu yahitaji vitu viwili tu, maji na oksijeni, na ikipata chumvi huongeza mwendo. Ubaya wake hasa ni kwamba hutaka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huvimba, huinua rangi, hubanduka magamba, na kila gamba liangukapo huacha wazi chuma kingine kiliwe. Alumini nayo hushikwa na hewa vivyo hivyo, walakini utando wake ni mwembamba na hung'ang'ania, ukawa kinga ya madini yaliyo chini yake.

Tuchukue MG, jina lililozaliwa katika gereji ya William Morris mjini Oxford katika miaka ya 1920 kwa juhudi za Cecil Kimber, na ambalo magari yake yaliundwa Abingdon kwa nusu karne, hata kiwanda kilipofungwa mwaka 1980. Gari lake mashuhuri, MGB, lilitoka mwaka 1962, na pamoja na ndugu zake yaliundwa zaidi ya 500,000. Halikuwa na fremu ya peke yake chini. Bodi yenyewe ndiyo iliyobeba kila kitu, na katika yale yasiyo na paa uzito mwingi uliegemea vizingiti viwili vya chuma vilivyo wazi ndani, chini ya milango. Humo ndimo maji na tope vilimojificha. Na kwa kuwa Waingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, maradhi yalianzia mahali ambapo jicho halifiki, na mwenye gari aliyatambua siku ile milango ilipokataa kufungika, maana gari lilikuwa limekwisha kuanza kupinda katikati.

Hapa pana jambo ambalo Maniema ina haki ya kulijua. Mafundi wa Jaguar, walipounganisha mabamba ya gari la E-Type, lile lililowashangaza watu mjini Geneva mwezi Machi 1961, walifunika maungo yake kwa mchanganyiko wa risasi na bati, takriban sehemu 7 za risasi kwa 3 za bati, kwa sababu mchanganyiko huo ukipata moto hauyeyuki wote mara moja bali hukaa kitambo ukiwa laini kama ugali, na fundi huusukuma na kuusawazisha kwa kibao cha mti kilichopakwa shahamu ya mnyama, kisha huupiga tupa mpaka kidole kisiweze kutambua kiungo kilipo. Bati halishiki kutu. Nalo ndilo lililochimbwa Kalima, huku huku Maniema, na kampuni ya Symetain tangu miaka ya 1930, nalo ndilo ambalo mataifa ya Washirika yalilithamini mno Wajapani walipoitwaa Malaya na machimbo yake ya bati mwaka 1942. Naona ni wajibu watoto na wajukuu wa waliochimba kasiteriti, yaani mawe yenye bati, waambiwe kwamba madini hayo yaliingia katika ustadi wa hali ya juu kabisa, wala hayakuwa ya makopo peke yake.

Katika njia za Afrika, lakini, chombo cha Kiingereza kilichozoeleka si gari la spoti bali Land Rover, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Kwa kuwa chuma kiligawiwa kwa kipimo Uingereza baada ya vita, bodi yake ikaundwa kwa alumini. Wabelgiji nao, walipoiunda kwa leseni katika kiwanda cha Minerva mjini Antwerp tangu mwaka 1952 kwa ajili ya jeshi lao, wakaigeuza bodi kuwa ya chuma. Fremu ilikuwa ya chuma kwa zote mbili, ndipo ukaona Land Rover kuukuu ambayo milango yake ni mizima ilhali mifupa yake imekwisha.

Fundi mzoefu haamini rangi. Hulala chini ya gari na nyundo ndogo, akaigonga fremu shubiri kwa shubiri huku akisikiliza: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu na kumwagia unga mwekundu usoni. Hapo hukata mpaka afikie chuma safi, hukwangua kwa brashi ya waya, huchomelea kipande kipya, na huzibua vile vitundu vya kutokea maji vilivyozibwa na tope. Anayejaza shimo kwa puti na kupaka rangi juu yake ametenda hiana, maana unyevu umefungiwa ndani na mwenye gari amelipa fedha yake ili ugonjwa uendelee kwa siri.

Majina hayashiki kutu, ndiyo sababu yananunuliwa. Kampuni ya MG Rover ilipofilisika mwezi Aprili 2005, na watu takriban 6,000 wakapoteza kazi, kampuni ya Nanjing ya China ilinunua mali yake, kisha yenyewe ikaingia katika SAIC ya Shanghai. Leo herufi zile mbili zimo katika magari ya umeme, pamoja na moja la spoti liitwalo Cyberster. Jaguar na Land Rover zilitoka mikononi mwa Ford zikaenda kwa Tata ya India mwaka 2008. Land Rover Defender ya mwisho ya mtindo wa zamani iliundwa Solihull tarehe 29 Januari 2016, na mrithi wake huundwa Slovakia, wala hana fremu ya peke yake.

Simlaumu mnunuzi, kwa kuwa biashara ni halali yake, lakini ununuzi huo wa majina mimi siuiti ufufuo. Ufufuo nauona katika kazi ya British Motor Heritage, ambao mwaka 1988, kwa kalibu zile zile za kiwanda cha zamani, walianza tena kuunda bodi za MGB, hata mtu ambaye gari lake limeliwa akaweza kuhamisha injini, viti na magurudumu yake katika bodi mpya. Jina lililobandikwa juu ya chombo kigeni halimpi mwenye gari kuukuu hata skrubu moja. Nairobi nako, katika mashindano ya umaridadi wa magari yaitwayo Concours d'Elegance yaliyoanza mwaka 1970, waamuzi huchungulia hata chini ya gari, na hapo ndipo heshima ya fundi hujulikana.

Basi nawasihi wenye nyua zilizo na Land Rover kuukuu, ziwe za misheni, za idara au za watu binafsi: kabla ya kumwita mnunuzi wa chuma chakavu, mwiteni fundi aigonge fremu. Nanyi mliokabidhiwa shule za ufundi Kasongo na Kindu, wafundisheni vijana kazi ya bodi na ya kuchomelea kwa bidii ile ile mnayowafundishia injini. Na wewe ambaye gari lako lingali linatembea, mvua zikatikapo mwezi Juni osha chini ya gari kabla ya kuosha kioo, zibua vitundu vya maji, uache fremu ikauke kabisa, kisha uipake mafuta mazito ndani na nje.