Mnyororo wa nyumba Uingereza: kipi kweli, kipi uzushi?

Anayeuza nyumba England ili anunue nyingine huwa hayuko peke yake. Anayenunua kwake naye anauza ya kwake kwanza, na yule anayemuuzia anatafuta pa kuhamia. Familia nne au tano zisizojuana hujikuta zimefungwa mnyororo mmoja, zote zikingoja kuhama siku ile ile. Mmoja akisitasita, wote wanatikisika. Miezi hiyo ya kungoja huzaa maneno mengi, na mengi kati yake yanapandisha presha bure.

“Dalali kasema ofa imekubaliwa, kwa hiyo nyumba imeuzwa.”

Si kweli, na hapa ndipo wengi wanapoumia. England na Wales, sheria ya mwaka 1989 inataka mkataba wa kuuziana ardhi uwe wa maandishi na uwe na sahihi za pande zote. Mpaka siku mawakili watakapobadilishana mikataba hiyo, hakuna aliyefungwa. Muuzaji anaweza kumgeukia mtu mwingine mwenye dau kubwa. Mnunuzi anaweza kukata bei jioni ya mwisho, akijua fika kwamba umeshachoka kubishana. Yote mawili ni halali. Kwa aliyezoea kuona kiwanja kikiuzwa Dar kwa fedha taslimu, mashahidi na mhuri wa serikali ya mtaa, mambo haya ni uhuni mtupu, nami siwezi kumlaumu. Scotland wana utaratibu wao: ofa hupitia kwa mawakili, na barua zao za makubaliano zikikamilika, kwa kawaida mapema zaidi, pande zote zimeshikwa.

Basi usiwatangazie ndugu kwamba umepata nyumba, wala usimpe notisi mwenye nyumba unayepanga kwake, kwa sababu tu dalali amepiga simu ya furaha.

“Kuhama nyumba kunaumiza kuliko talaka.”

Si kweli kwa mujibu wa kipimo kinachojulikana kuliko vyote. Mwaka 1967, Thomas Holmes na Richard Rahe, madaktari wa akili wa Marekani, walichapisha orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja na alama zake. Kufiwa na mwenzi wa ndoa kulipewa 100, talaka 73, kuhama makazi 20. Krismasi yenyewe ina 12.

Hata hivyo, aliyekwama kwenye mnyororo hana haja ya kujiona dhaifu. Alama hizo 20 ni za kuhama, na yeye bado hajahama. Anangoja bila kujua. Mwaka 2016, watafiti wa University College London waliwapa watu mchezo wa kompyuta wa kubahatisha kama kuna nyoka chini ya jiwe. Nyoka akionekana, mchezaji anapigwa shoti ya umeme mkononi. Wachezaji hawakuhangaika zaidi walipokuwa na hakika ya kupigwa, bali nafasi ilipokuwa nusu kwa nusu. Mwenye kujua kwamba balaa linakuja hutulia kuliko asiyejua kama litakuja. Hivyo ndivyo mnyororo unavyomtesa mtu: kila Jumatatu nafasi ni nusu kwa nusu.

Dawa, kwa hiyo, haiko katika kujilazimisha kufikiria mema. Punguza usiyoyajua. Andika kwenye karatasi kila jambo linalosubiriwa, liko mikononi mwa nani, na jibu linatarajiwa lini. Yanayobaki bila jibu yatengee nusu saa ya kuyawaza, saa ile ile kila siku, mbali na kitanda. Wanasaikolojia wamekuwa wakiijaribu mbinu hiyo tangu miaka ya 1980. Usingizi ukiendelea kugoma, England mtu anaweza kujiandikisha mwenyewe kwa huduma ya ushauri nasaha ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma, bila kutumwa na daktari.

“Msumbue dalali kila siku, mambo yataenda mbio.”

Nusu kweli. Faili lisiloulizwa hulala, lakini swali la “vipi, kuna jipya?” huzaa jibu la “bado”. Dalali ameajiriwa na muuzaji, ila kamisheni yake humjia nyumba ikishauzwa, kwa hiyo naye anataka mnyororo usogee, na anaweza kuwapigia madalali wa nyumba zilizo juu na chini kwenye mnyororo. Muulize mara moja kwa wiki, tena swali lenye jibu: nani hajapata barua ya mkopo? Nani anangoja majibu ya halmashauri kuhusu nyumba anayonunua?

“Mmoja akijitoa, wote mmerudi sifuri.”

Mara nyingi si kweli. Ripoti ya ukaguzi wa nyumba unayoitaka inaihusu nyumba hiyo, haimhusu mnunuzi wako aliyekimbia. Pengo likizibwa kwa haraka, kazi kubwa imeshafanyika. Angalia tu barua ya mkopo inaisha lini na uombe kuongezewa muda mapema. Wakati mwingine mtu mmoja hukubali kwenda kupanga, au kukaa kwa ndugu, ili walio chini yake waendelee. Atahama mara mbili na kulipia mara mbili, kwa hiyo piga hesabu hiyo ukiwa bado na akili tulivu.

“Mikataba ikishabadilishwa, lala usingizi.”

Karibu kweli. Sasa kuna tarehe, na mnunuzi ameweka malipo ya awali, kwa kawaida asilimia 10 ya bei. Akishindwa kukamilisha, hupewa notisi, mara nyingi ya siku 10 za kazi, kisha anaweza kuipoteza fedha hiyo. Siku ya funguo fedha hupanda kutoka chini ya mnyororo, wakili kwa wakili, na aliye juu anaweza kukaa juu ya maboksi hadi alasiri. Ijumaa hupendwa sana, nami naona ni chaguo baya: fedha zikikwama, ofisi zinafungwa hadi Jumatatu.

Siku hizo za haraka ndizo wezi wanazozingojea. Barua pepe ikija kwa jina la wakili wako ikisema akaunti ya benki imebadilika, usitume hata pauni moja. Mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.