Gari Linapochemka Mlimani: Ugonjwa Ujulikane Kabla ya Kununua Kipuri

Barabara ya Taifa Namba 1 huanza Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, penye kimo cha mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ikapanda hadi Bugarama, penye kimo cha zaidi ya mita 2,000. Kwa familia ya askari aliyehamishiwa Kayanza au Ngozi, mlima huo haukwepeki. Gari lililokwenda vizuri mjini hufika katikati ya kona likaanza kufuka mvuke. Mwenyewe hurudi Buyenzi, akanunua rejeta nyingine, na juma linalofuata gari likachemka tena. Fedha za chakula na za karo zimekwisha, na ugonjwa ungali palepale.

Kwa nini mlimani?

Kadiri mtu apandavyo juu, ndivyo maji yachemkavyo upesi. Pwani huchemka kwa nyuzi 100. Bugarama huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni mfuniko wa rejeta, ambao hubana mvuke na kuongeza kanieneo. Mpira wake ukichakaa au springi yake ikilegea, mvuke hutoroka na maji hufurika, hata kama rejeta ni nzima. Mfuniko ni kipuri cha bei ndogo. Basi utazamwe kwanza.

Uchunguzi wa nyumbani

Injini ipoe kabisa, na watoto wakae mbali. Mfuniko usifunguliwe kamwe ukiwa moto, kwa maana maji yarukayo huunguza uso na macho. Wala maji baridi yasimiminwe katika injini yenye moto, kwani yaweza kuipasua.

Dalili husema zenyewe. Gari likichemka katika msongamano lakini likapoa linapokwenda kasi, feni yashukiwa, au fyuzi yake. Taa ya betri ikiwaka pamoja na joto kupanda, huenda mkanda umekatika, kwa sababu katika magari mengi mkanda huo huo huzungusha altaneta na pampu ya maji. Mpira wa juu wa rejeta ukibaki baridi huku injini ikichemka, yamkini thamostati imekwama. Matone chini ya gari asubuhi huonyesha mahali panapovuja. Lakini maji yakipungua bila tone lolote, na oili katika kijiti ikawa nyeupe kama maziwa, gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo gari lisiwashwe tena, bali aitwe fundi.

Kipuri kilicho sawa

Muuzaji akiambiwa tu "rejeta ya Probox", aweza kutoa isiyofaa. Toyota Probox yenye namba ya chasi inayoanza na NCP50 ina injini ya lita 1.3, ile ya NCP51 ina injini ya lita 1.5. Kwa hiyo namba ya chasi na aina ya injini zinakiliwe katika daftari kutoka kwenye bamba lililo chini ya boneti, na daftari likae ndani ya gari.

Kipuri cha zamani kisitupwe. Kipelekwe dukani kilinganishwe na kipya. Katika mfuniko wa gari la Kijapani huandikwa 0.9 au 1.1, na mpya sharti uwe na namba ile ile, kwani wenye nguvu kupita kiasi huweza kupasua mipira. Katika thamostati huandikwa nyuzi za joto, kwa mfano 82. Fundi akishauri thamostati iondolewe kabisa, asikubaliwe: injini isiyofikia joto lake hula petroli zaidi.

Mwenye gari akifika dukani na daftari mkononi na kipuri cha zamani mfukoni, hununua mara moja, na safari ya Bugarama huifanya bila kusimama kando ya barabara.