Dizeli Ikimwagika Lusu, Linda Kisima Kwanza

Nzega, mkoani Tabora, ni njia panda ya mafuta. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida na Igunga inafika hapo, kisha inaendelea Kahama na hatimaye mipaka ya Rwanda na Burundi. Nyingine inashuka kusini hadi Tabora mjini. Usiku na mchana malori ya matangi yanapita, mengi yakibeba lita 35,000 na zaidi. Kata ya Lusu iko katika wilaya hii, na watu wake hawakuanza jana kuishi na dizeli. Mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, wa kwanza mkubwa kufunguliwa nchini tangu uhuru, ulianza kazi kwenye eneo hilo mwishoni mwa miaka ya 1990 na ukafungwa miaka kama kumi na mitano baadaye. Mgodi ukaondoka, lakini dizeli ikabaki kwenye mashine za kusaga, pampu za kumwagilia, matrekta, jenereta na makarasha ya wachimbaji wadogo. Husafiri kwenye mapipa ya lita 200 na madumu ya lita 20, na mara nyingi huhifadhiwa nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, hatua chache kutoka kisimani.

Tukitaja mafuta kumwagika, wengi wetu tunakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walipoteza maisha baada ya lori la petroli lililopinduka kulipuka. Msiba ule ulitufundisha kuogopa moto, na ni haki tuogope. Dizeli, hata hivyo, haifanani na petroli. Kwenye joto la kawaida mvuke wake ni mchache na haushiki moto upesi. Kwa sababu hiyo watu huichukulia kuwa mpole. Pipa likianguka, wanafukia kwa mchanga na kuendelea na kazi. Ubaya wake unakuja polepole, unapita ardhini, na unaweza kuonekana kisimani mvua mbili baadaye.

Mfano wa kujifunza uko kwa jirani zetu. Mei 2015, bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, lilivuja katika kaunti ya Makueni, na mafuta yakaingia kwenye mto Thange. Wakulima wa bonde lile walikuwa wakitegemea mto huo na visima vya kando yake kwa kunywa, kunywesha mifugo na kumwagilia bustani. Hapakutokea mlipuko mkubwa wa kuwaleta waandishi wa habari kutoka dunia nzima. Yalitokea maji yenye harufu, mazao yaliyokauka na kesi iliyokwenda miaka. Mahakama iliamuru walipwe fidia ya mabilioni ya shilingi za Kenya mwaka 2025, miaka 10 baada ya tukio. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule wa Mei alikuwa tayari darasani.

Ili kuelewa kwa nini jambo linalodhaniwa dogo hudumu hivyo, inabidi tuifuate dizeli inapokwenda baada ya kupotea machoni. Udongo wa mchanga una nafasi nyingi kati ya chembe zake, na dizeli inaposhuka huacha nyuma kiasi kinachong'ang'ania kwenye chembe hizo. Makadirio ya wataalamu ni kwamba mita moja ya ujazo ya mchanga wa wastani hushika takriban lita 25 za dizeli. Inayozidi hapo inaendelea kushuka. Tufanye hesabu. Pipa moja la lita 200 linahitaji mita za ujazo 8 za udongo ili likwame lote. Likimwagika mahali penye ukubwa wa mita 4 za mraba, yaani padogo kama chumba cha choo cha shule, litashuka mita 2 kabla ya kusimama. Lori la lita 35,000 linahitaji mita za ujazo 1,400. Sasa angalia visima vyetu vya kuchimbwa kwa mkono kwenye mabonde, ambako maji hupatikana mita chache tu chini, na utaona kuwa hata pipa moja si jambo la kufukia na kusahau.

Kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa majaruba ya mpunga, hali ni nyingine. Ukilowa, unavimba na kuziba, na dizeli hubaki juu ikitiririka na maji. Ukikauka, unapasuka nyufa ndefu zinazoshuka hata zaidi ya mita moja. Dizeli ikimwagwa Septemba kwenye mbuga iliyopasuka haisubiri kuchujwa na chembe zozote: inaingia kwenye ufa na kushuka moja kwa moja. Ndiyo maana wale wanaosema "udongo wetu ni mfinyanzi, haupitishi kitu" wanasema kweli kwa nusu mwaka tu.

Ikifika kwenye maji ya ardhini, dizeli haizami. Lita moja ya dizeli ina uzito wa gramu 830 hadi 850, kwa hiyo inaelea juu ya maji hata chini ya ardhi, ikitanda kufuata mteremko. Hapa ndipo hali ya hewa ya Unyamwezi, yaani ukanda wetu huu wa Tabora, inapoongeza ugumu. Tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha ukame mrefu. Maji ya ardhini hupanda na kushuka kwa kiasi kikubwa, na tabaka la dizeli linapanda na kushuka nayo, likipaka udongo wote wa katikati. Kisima kinaweza kuonekana kimepona mwezi Machi maji yakiwa juu, kisha harufu ikarudi Agosti. Watu hudhani kuna mtu amemwaga tena. Hapana, ni dizeli ileile iliyokuwa imenaswa chini ya maji, sasa maji yameshuka na kuiachilia. Kijiji kinachopima kisima mara moja tu, wakati wa masika, kinajidanganya.

Nchi hii imejipanga kufuata maji tangu zamani. Misafara ya pembe na bidhaa kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilipanga vituo vyake kwa kuangalia maji, na hata mpelelezi Mwingereza Speke alipotoka Kaze, yaani Tabora, Julai 1858 kuelekea kaskazini, hadi kuliona Ziwa Victoria mwanzoni mwa Agosti, alipita katika vijiji vilivyokaa karibu na maji yao. Siku hizi maji ya ziwa hilo yamevutwa kwa bomba hadi Nzega, Igunga na Tabora, na ni neema kubwa. Lakini bomba halijamfikia kila mtu, na ng'ombe wengi bado wananyweshwa malamboni. Kisima kikiharibika, mama anayekitegemea anaongeza kilomita kwenye safari yake ya kila asubuhi.

Basi kazi ya kwanza dizeli inapomwagika ni kuizuia isifike kwenye maji. Watu wengi hukimbilia pale palipolowa zaidi, wakaanza kuchimba na kumwagia mchanga, huku mafuta yakiendelea kuteremka mtaroni. Kwanza zima chanzo: geuza pipa, funga koki, ziba tundu kwa kabari ya mti na sabuni ya mche. Halafu shuka chini ya mteremko, uyatangulie mafuta yanayotiririka, ukajenge tuta la udongo kwa majembe. Kama mafuta yameingia kwenye mfereji wenye maji yanayotembea, tuta tupu halitatosha, kwa kuwa maji yatajaa na kulipita juu pamoja na mafuta. Hapo weka kipande cha bomba katikati ya tuta, mdomo wake wa upande wa juu ukiwa chini kabisa ndani ya maji, na mdomo wa upande wa pili ukiwa umeinuliwa. Maji yatapita chini, dizeli itabaki ikielea nyuma ya tuta, na hapo inaweza kuchotwa kwa ndoo. Ni ufundi mwepesi, na kijana yeyote aliyewahi kugawa maji kwenye jaruba atauelewa mara moja.

Vifaa vya kunyonya mafuta tunavyo tele. Pumba za mpunga zimerundikana kwenye kila mashine ya kukoboa kuanzia Nzega hadi Igunga. Pamba mbichi ni bora zaidi: nta ya asili iliyo kwenye nyuzi zake inakataa maji na kupokea mafuta, na inaweza kubeba mafuta mara nyingi kuliko uzito wake yenyewe. Wakulima wa ukanda huu wanauza pamba nje ya nchi, na hata ile chafu ya daraja la chini, isiyopata bei, ingefaa kuwekwa magunia mawili matatu kwenye ghala la kijiji kwa siku ya namna hii.

Yapo mambo matatu ya kukataa kabisa. Usimwage sabuni ya unga wala kusafisha kwa maji, kwa sababu sabuni huyavunja mafuta kuwa matone madogo yanayosafiri mbali zaidi na kuingia ndani ya maji. Usichome moto, maana sehemu ndogo tu ya juu itaungua na iliyobaki itapata joto na kuzama. Na asiwepo mtu wa kunyonya dizeli kwa mdomo kwa kutumia mpira. Tabia hii imezoeleka mno kwa matingo na mafundi wetu, nami naisema kwa uchungu: tone likipotea njia na kuingia kwenye mapafu, linaweza kuleta homa kali ya mapafu na hata kuua. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe kituo cha afya. Sungusungu, ambazo zilichipuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulinda ng'ombe, zina kazi nzuri hapa: kupiga yowe, kuzuia watu wenye madumu, kuondoa watoto na mifugo. Na ikiwa kilichomwagika ni petroli au hakijulikani, kila mtu akae mbali upande unakotoka upepo, na Zimamoto waitwe kwa 114.

Udongo uliolowa ukichimbuliwa, usitupwe porini. Utandazwe juu ya turubai nene, mahali pa juu, mbali na maji, kwa unene wa sentimita 30 hivi, na uzungushiwe tuta. Tangu hapo kazi inafanywa na bakteria walioko ardhini, ambao hula dizeli kama wakipata hewa, unyevu na mbolea. Kwa pipa moja la lita 200, mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 unatosha na kubaki, pamoja na kilo chache za DAP, vikitiwa kidogokidogo kwa miezi. Samadi ya zizini inasaidia kuleta bakteria na kushika unyevu. Udongo upinduliwe kwa jembe kila wiki moja au mbili, unyunyiziwe maji kiangazi, ufunikwe wakati wa mvua kubwa.

Katika hili Mungu ametupendelea. Mwezi Mei 2020 tangi la dizeli lilipasuka Norilsk, kaskazini ya mbali ya Urusi, na tani 21,000 zikamwagika, nyingi zikaingia mto Ambarnaya. Kampuni husika ilitozwa zaidi ya ruble bilioni 146. Lakini fedha haileti joto: ardhi ya kule imeganda karibu mwaka mzima, na bakteria hufanya kazi miezi michache tu. Tabora jua halikosekani. Udongo ambao kule ungehitaji miaka mingi, hapa ukitunzwa unaweza kusafika ndani ya msimu mmoja au miwili.

Kisima ni habari nyingine. Maji yenye dizeli hayatibiki kwa kuchemsha, yanaleta mvuke mbaya jikoni. Wala dawa ya klorini haisaidii, kwa kuwa inaua vijidudu na haigusi mafuta. Kisima kifungwe siku hiyohiyo, pamoja na vile vya jirani upande wa chini wa mteremko, na RUWASA, wakala wa maji vijijini, waombwe maji mbadala. Sampuli zipelekwe maabara, masika na kiangazi, kwa angalau miaka miwili, na atakayegharimia ni yule aliyemwaga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka wazi kuwa mchafuzi ndiye alipaye, na inaipa taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira uwezo wa kutoa amri ya kurejesha mazingira. Lakini amri hiyo inahitaji ushahidi: picha za siku ya kwanza, namba ya lori, majina ya mashahidi, muhtasari wa kikao cha kijiji wenye muhuri. Ushahidi huo uanze kukusanywa kabla mafuta hayajakauka.

Kwenye kijiji cha Sojo, wilayani humuhumu Nzega, kimejengwa kiwanda cha kuvika mabomba ya EACOP, mradi wa bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Mafuta ya bomba hilo ni ghafi yenye nta na yataganda yakipoa, kwa hiyo tabia yake si ya dizeli, na wenye mradi wana wajibu wa mipango yao. Lakini pipa lililo nyuma ya mashine ya kusaga halina mpango wa mtu yeyote. Mwenyekiti wa kijiji, kabla ya mvua za Novemba, tembea na wajumbe wako kuhesabu mapipa yote yaliyo chini ya mita 50 kutoka kisimani, muagizeni kila mwenye pipa alihamishe na kulijengea sakafu ya saruji yenye ukingo, na wekeni magunia ya pumba, majembe na turubai moja mahali ambapo ufunguo wake unajulikana na kila mtu.